Msimamizi wa mirathi si mmiliki wa mali ya marehemu

Matanga yamekwisha, maturubai yamekunjwa na viti vya kukodi vimerudishwa kwa wenyewe. Wazee wa ukoo wamebaki sebuleni na mmoja wao ametoa daftari. Kabla jua halijazama limekwishaandikwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mdogo wa marehemu au mtoto wa kiume wa kwanza, kwamba ndiye aliyechaguliwa kusimamia mirathi. Mjane, ambaye muda wote huo alikuwa chumbani na wanawake wenzake, huarifiwa baadaye. Hutia saini pale anapoonyeshwa kidole.

Hadi hapo hakuna kosa lolote la kisheria. Kosa huanza pale yule aliyeandikwa katika daftari anapodhani, na ukoo mzima unapodhani pamoja naye, kwamba amekabidhiwa mali. Miezi michache baadaye amekwishahamia katika nyumba ya marehemu, au anapokea kodi ya wapangaji, au gari limeuzwa na fedha zake hazijulikani zilipo. Mjane akiuliza hujibiwa kwa upole, "Shemeji, tulia, mimi ndiye msimamizi." Neno hilo moja limewatoa watu wengi katika nyumba walizozijenga kwa mikono yao wenyewe, na lina nguvu hiyo kwa sababu walioambiwa hawakujua maana yake.

Makala haya yanaeleza msimamizi wa mirathi ni nani kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, anapatikanaje, anatakiwa kufanya nini na kwa muda gani, na mrithi afanye nini msimamizi anapogeuka kuwa mwenye mali. Zanzibar ina utaratibu wake, ambako Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana zina nafasi kubwa katika mirathi za Waislamu, hivyo yaliyoandikwa hapa yasichukuliwe kuwa yanahusu visiwani.

Tuanze na kikao cha ukoo, kwa kuwa ndicho kinachopewa uzito kuliko kinavyostahili. Kikao hicho hakimteui msimamizi. Kinapendekeza jina tu. Mwenye mamlaka ya kuteua ni mahakama, na mahakama haifungwi na pendekezo la ukoo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kumteua mtu mmoja au zaidi miongoni mwa wenye maslahi katika mali ya marehemu, na pale inapoona inafaa, kumteua mtu mwingine mwaminifu asiyeegemea upande wowote ambaye yuko tayari kuifanya kazi hiyo. Majaji wamesema mara kadhaa kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo si sharti la kisheria la kufungua mirathi, ingawa makarani wengi huuomba na mahakimu huusoma kwa kuwa unasaidia kuonyesha kama familia imekubaliana. Kwa hiyo mjane au binti ambaye ukoo umekataa kumwitia kikao hana sababu ya kukaa nyumbani akisubiri. Aende mahakamani na cheti cha kifo, aeleze uhusiano wake na marehemu, na aombe.

Mahakama ipi? Hapa ndipo watu wanapopotezwa zaidi, wengine kwa makusudi. Mirathi ambayo sheria yake ni ya kimila au ya Kiislamu imekuwa tangu zamani kazi ya Mahakama ya Mwanzo. Nyingine, hususan za watu ambao mila hazitumiki kwao na si Waislamu, husikilizwa na mahakama za ngazi za juu kwa kutumia Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Lakini si kila Mahakama ya Mwanzo inafaa. Jedwali lile lile linasema mahakama yenye mamlaka ni ile ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wakati wa kufa kwake. Haisemi alikozaliwa, wala alikozikwa, wala anakoishi baba yake mdogo.

Tuchukue mfano. Mtu ameishi Tandika kwa miaka ishirini na tano, amejenga huko, ameoa huko, watoto wake wamesoma huko. Anafariki na kuzikwa kijijini kwao Rombo. Baada ya mazishi mjane anarudi Dar es Salaam pamoja na watoto kwa sababu shule zinafunguliwa, na wiki mbili baadaye ndugu wanafungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo ya kule kijijini. Tangazo la maombi linabandikwa katika ubao ambao mjane hatauona kamwe. Muda wa tangazo unapita bila pingamizi, na msimamizi anateuliwa. Siku mjane anapobishiwa hodi na mtu mwenye barua yenye muhuri wa mahakama, anadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, na uamuzi wa mahakama isiyo na mamlaka unaweza kutenguliwa. Ushahidi anaouhitaji ni wa kawaida kabisa: barua ya serikali ya mtaa, nyaraka za nyumba, ankara za maji na umeme, barua za mwajiri wa marehemu.

Mambo yanapokwenda vizuri, safari ni hii. Mwombaji hujaza fomu namba moja, akitaja warithi wote na mali anazozifahamu. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi likiwapo husikilizwa kwa ushahidi kama shauri lingine lolote, na lisipokuwapo mahakama hutoa barua ya uteuzi, ile ambayo watu mitaani huiita fomu namba nne. Ni karatasi hii ambayo benki, mwajiri, mfuko wa hifadhi ya jamii na ofisi ya ardhi huitaka kabla ya kuzungumza na mtu yeyote kuhusu mali ya marehemu. Ni karatasi hii pia inayowapandisha watu mabega.

Ukikaa asubuhi moja katika benchi la Mahakama ya Mwanzo jijini utaona tofauti ya nyuso kati ya siku ya kupokea fomu namba nne na siku ya kurudisha fomu namba tano. Siku ya kwanza familia huja na shangazi, wajomba na suti. Siku ya pili wengi hawaji kabisa. Na hiyo fomu namba tano ndiyo kiini cha kazi yenyewe. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali namba 49 la mwaka 1971, zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, awasilishe mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali zote na madeni yote ya marehemu. Baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, awasilishe hesabu katika fomu namba sita: fedha alizopokea, alizolipa, na mali aliyoiuza au kuihamisha. Katika mahakama zinazotumia Sura ya 352, orodha inatakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini lazima aombe na atoe sababu. Asiye na orodha wala hesabu anavunja sharti la uteuzi wake, hata kama hajala senti ya mtu.

Kazi yenyewe imeelezwa kwa maneno machache katika kifungu cha 108 cha Sura ya 352: akusanye mali ya marehemu na madeni aliyokuwa akidai, alipe madeni yaliyokuwa yakidaiwa na gharama za usimamizi, kisha agawe kinachobaki kwa wanaostahili. Kukusanya, kulipa, kugawa. Katika kazi hizo tatu hakuna kutumia, na wala hakuna kukaa na mali mpaka watoto wakue, kisingizio ambacho husikika sana. Mtoto mdogo ana haki ya fungu lake kutajwa na kutengwa, hata kama litatunzwa na mtu mwingine hadi afikishe umri.

Jambo linalowachanganya hata watu waliosoma ni hati ya nyumba. Msimamizi akipeleka barua ya uteuzi kwa Msajili wa Hati, kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kinaruhusu jina lake kuingizwa katika hati mahali pa jina la marehemu. Mrithi anayeona jina la baba yake mdogo katika hati ya nyumba ya baba yake hushtuka, naye baba mdogo huitumia hati hiyo kuwanyamazisha watu. Lakini jina hilo huingia kwa wadhifa, kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Ni njia ya kupitishia mali kutoka kwa aliyekufa kwenda kwa warithi, na sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 68, inaeleza jinsi msimamizi anavyoihamisha kwenda kwa mrithi. Nyumba iliyobaki katika jina la msimamizi kwa miaka kumi ni dalili kwamba kazi haikufanyika.

Je, msimamizi anaweza kuuza? Jibu ni ndiyo, na hili msomaji alitie akilini kwa sababu lina uchungu. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1994, ilisema msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya warithi wote ndipo auze nyumba ya marehemu. Sababu yake inaeleweka: kama kila mrithi angekuwa na kura ya turufu, madeni yasingelipwa na mirathi isingefungwa. Hata hivyo uwezo wa kuuza ni kwa ajili ya kazi ya mirathi, na fedha za mauzo zinabaki kuwa mali ya mirathi, zinazopaswa kuonekana katika fomu namba sita hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo mrithi anayesubiri auliziwe kabla nyumba haijauzwa anaweza kusubiri bure. Akiona dalili za uuzaji wenye hila, aende mahakamani mapema na kuomba zuio, kwani kumrudisha mnunuzi aliyelipa na kuhamia ni kazi kubwa mno. Kwa upande wake, mnunuzi asiridhike na nakala ya barua ya uteuzi iliyokunjwa mfukoni mwa dalali. Aende katika mahakama iliyoitoa, aone jalada, ahakikishe uteuzi haujatenguliwa na kwamba nyumba anayouziwa imo katika orodha ya mali. Kama warithi wapo, akawaone. Sheria haimlazimishi, lakini kesi za viwanja zimewazeesha watu wengi.

Sasa tuje kwa swali la ni kipi hasa kilicho mali ya marehemu, kwa kuwa msimamizi hawezi kugawa kisichokuwa cha marehemu. Hapa ndipo wajane hupoteza zaidi, na mara nyingi hupoteza kwa kukaa kimya wakati orodha inaandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba ndoa haimnyang'anyi mwanandoa mali yake: alichokuwa nacho na alichokipata mwenyewe ni chake. Mali iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili, kifungu cha 60 kinachukulia kuwa kila mmoja ana sehemu sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mke aliyenunua kiwanja kwa mkopo wa mshahara wake, au aliyesimamisha ukuta kwa fedha za genge lake, hapaswi kuketi akisubiri arithishwe jasho lake. Sehemu yake hutolewa kwanza, ndipo ya marehemu igawiwe. Katika shauri mashuhuri la mwaka 1983, lililohusu talaka na si mirathi, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitambua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Risiti, mikataba ya mafundi na karatasi za benki zitunzwe mahali pasipofikiwa na kila anayeingia ndani siku ya msiba.

Wafanyabiashara nao wana mtego wao. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mwingine kisheria. Magari, bidhaa na akaunti za kampuni si mali ya marehemu hata kama alikuwa akiziita zake kila siku. Kilicho chake ni hisa, na hizo ndizo zinazoingia katika orodha. Msimamizi anayeingia ghalani mwa kampuni na kubeba bidhaa kwa kuonyesha fomu namba nne anachukua mali ya mtu mwingine. Ubia usiosajiliwa kama kampuni ni tofauti: kwa kawaida huvunjika mbia mmoja anapofariki, isipokuwa mkataba wao umesema vinginevyo, na mbia aliyebaki anatakiwa kutoa hesabu ya fungu la marehemu. Wabia wengi wa Kariakoo hawana mkataba wa maandishi, wamekuwa wakiaminiana tangu ujana. Kuaminiana kule hufa na mmoja wao, na mjane huambiwa kwamba mume wake alikuwa mfanyakazi tu dukani.

Fedha za benki na za simu za mkononi zimezua tabia mpya. Mtu anafariki asubuhi, na kabla ya jioni ndugu mwenye namba ya siri amekwishatoa fedha, pengine kwa nia njema ya kununua jeneza na chakula cha wafiwa. Sheria inamhesabu anayegusa mali ya marehemu bila uteuzi kuwa amejitwika usimamizi, naye anawajibika kwa kadiri ya alichochukua. Gharama halali za mazishi hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, hivyo aliyelipia atunze risiti na kudai. Ama rambirambi, kwa maoni ya mwandishi huyu, hizo marehemu hakuzimiliki hata siku moja, wafiwa ndio waliopewa, na ni ajabu kuziona zimeandikwa katika orodha ya mirathi na huku kiwanja cha Kibaha kimesahauliwa.

Mali ikishajulikana na madeni yakishalipwa, inabaki kugawa, na mgawo unategemea sheria ipi inamhusu marehemu. Mahakama hutazama jinsi alivyoishi na nia aliyokuwa nayo, haitazami jina lake pekee. Kwa Mwislamu mafungu yanajulikana: mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiacha watoto, na robo asipoacha. Mume hupata robo mke akiacha watoto, na nusu asipoacha. Wosia hauvuki theluthi ya mali, wala hauwi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Kwa wale wanaohukumiwa kwa sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini, mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume. Kama hakuna watoto wala wajukuu lakini wapo ndugu, mjane hupata nusu.

Sheria ya kimila ndiyo yenye makali. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wajane wawili, ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mila haibadilishwi kwa hukumu ya mahakama. Rufaa yao ilitupwa kwa sababu za kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane hao. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Kwa hiyo mjane anayeambiwa kwamba mila imemnyima asiondoke hapo hapo. Anaweza kuhoji kama marehemu kweli aliishi kwa mila hizo: alifunga ndoa kanisani au kwa mila, aliishi mjini au kijijini, alishiriki mambo ya ukoo au alikwishayaacha. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atapata theluthi ya nyumba au atapata kutunzwa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mila haiwezi kuyagusa. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema mjane yuko huru kuishi anakotaka, kukaa bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Kurithiwa na shemeji si sharti la kubaki katika nyumba. Na kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu kumnyima mtoto kunufaika kwa kadiri inayofaa na mali ya mzazi wake. Msimamizi anayewaficha watoto wa mke mwingine katika fomu namba moja anajiandalia matatizo, kwa kuwa kuficha jambo la msingi ni mojawapo ya sababu za kubatilisha uteuzi.

Aliyeishi na mwanamume bila ndoa rasmi naye asikate tamaa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawachukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na kujulikana na watu kuwa mke na mume, kuwa walikuwa wameoana, mpaka ithibitishwe kinyume chake. Dhana hiyo huvunjika kirahisi pale mwanamume alipokuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja, na wapo wengi waliojua hilo siku ya mazishi.

Sasa msimamizi ameharibu. Mrithi, mdai, au mwenye maslahi yoyote anaweza kuomba mahakama iliyomteua ibatilishe uteuzi. Katika Sura ya 352, kifungu cha 49, sababu zimetajwa: shauri la uteuzi lilikuwa na kasoro ya msingi, uteuzi ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo, ulipatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli hata kama mwombaji hakujua, umekuwa hauna kazi tena, au msimamizi ameacha kwa makusudi na bila sababu ya maana kuwasilisha orodha au hesabu. Kanuni za Mahakama za Mwanzo zinafanana na hizi, zikiongeza msimamizi anayetenda kinyume cha maslahi ya warithi au wadai kwa makusudi au kwa uzembe. Mara nyingi hoja ya hesabu ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu ushahidi wake umo katika jalada la mahakama yenyewe. Mrithi hana haja ya kuthibitisha wizi. Aombe kuona jalada, aonyeshe kwamba miezi minne imepita na fomu namba tano haimo.

Lakini aende mapema. Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba msimamizi aliyekwisha kuwasilisha hesabu zake na mirathi ikafungwa hawezi tena kuvuliwa uteuzi, kwa kuwa hana uteuzi wa kuvuliwa. Hapo mrithi aliyedhulumiwa hubaki na njia ngumu zaidi ya kumshitaki yeye binafsi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na muda huo hupita haraka kwa mtu anayesubiri kikao kingine cha ukoo kisuluhishe.

Wapo wanaouliza kama kuna njia ya kuepuka haya yote kabla ya kufa. Wosia husaidia, mradi uandikwe sawasawa. Wosia wa kimila wa maandishi unahitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, wawili kama mwenye wosia naye anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui. Miongoni mwao awepo wa ukoo na asiye wa ukoo, na mke au wake waliopo nyumbani washuhudie pia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, huandika na kutunza wosia kwa ada. Hata wenye wosia hupita mahakamani, ila hapo aliyetajwa kuutekeleza ndiye anayethibitishwa.

Kwa wasio na wosia, lipo jambo moja ambalo familia nyingi hazilifikirii ingawa sheria inaliruhusu waziwazi: kuomba wateuliwe wasimamizi wawili, mathalani mjane pamoja na ndugu mmoja wa marehemu. Ukoo hupata uwakilishi, na mjane huwa na saini yake mezani kabla kitu hakijahama. Mahakimu huipokea hoja hiyo vizuri familia inapokuja nayo imekubaliana.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaada wa kisheria, uliowekewa utaratibu na sheria ya mwaka 2017, au aende mwenyewe. Masjala ya Mahakama ya Mwanzo hufunguliwa asubuhi. Aende na namba ya shauri la mirathi, kitambulisho, na nakala ya cheti cha kifo. Kama namba haijui, jina kamili la marehemu na mwaka aliofariki hutosha kumwezesha karani kulitafuta jalada. Akilipata, aangalie kwanza tarehe ya fomu namba nne, kisha afungue ukurasa unaofuata.